Mara Tisa kwenye Tairi

Kituo cha afya, tarehe 6 Januari

Kwako Shangazi,

Naamini barua hii inakukuta umesimama, na kwamba mgongo siku hizi unakuruhusu kutoka chini ya magari ya watu bila kuvutwa miguu. Huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota jino la pili na amelijaribu kwenye daftari la safari za gari, kwa hiyo safari za Novemba hazina tarehe. Msalimie baba, na umwambie sweta alilonitumia limenitosha mikono.

Ningepiga simu, ila mtandao huku unapatikana juu ya tangi la maji tu, na wewe ulishasema vipimo havisomwi kwa simu tangu siku ile ulipoagiza beringi za pikapu ukaletewa za trekta. Barua nitampa Posta, dereva wa lori la dawa. Anapita kila wiki mbili tatu, na jina hilo kalipata kwa kubeba barua za watu.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Injini ya gari la kituo ilikufa Desemba. Nyingine ilikufa miaka miwili kabla yake. Hii iliyofungwa sasa ni ya tatu, na mimi ndiye dereva wa zote. Mganga Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema: "Dereva, ya nne haipo." Hii ikifa, gari linarudi makao makuu na njia ya ng'ambo ya mto inafungwa. Ng'ambo kuna vijiji sita na kliniki yao ndiyo hili gari. Mama mjamzito wa huko akitaka kupimwa itabidi atembee siku mbili. Mimi nitapelekwa stoo kuhesabu vidonge, au nirudi nyumbani mnione kila siku.

Makao makuu wamekubali kununua kifaa kimoja cha kulinda injini upande wa kuvuta hewa. Kimoja tu, maana fomu ina mstari mmoja. Tunaweza kuandika snokeli, ule mrija unaopanda ubavuni mpaka usawa wa paa ili maji yasiingie. Au tuandike saikloni, lile bakuli linalozungusha hewa na kulitupa vumbi nje kabla halijafika kwenye filta. Vumbi tunalo miezi kumi. Mto unajaa miezi miwili.

Mimi ninachotaka hasa ni mpango utakaoniwezesha nisifungue boksi la filta kwa miezi mitatu, maana filta mpya huletwa kila baada ya miezi mitatu. Naomba ushauri wako.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako

*

Gereji, tarehe 25 Januari

Mtoto wa kaka yangu,

Barua yako imefika na alama ya kiatu. Nimemuuliza Posta, anasema si chake. Nimetazama soli, ni chake.

Mgongo upo, haujahama. Mama yako goti linamsumbua lakini mdomo ni mzima. Baba yako bado anafungua na kufunga geti la kiwanda cha mbao, na siku hizi ameanza kuyapigia saluti malori. Hakuna aliyemwomba. Mtu aliyeua teksi mbili mfululizo, geti ndilo saizi yake, kwa sababu haliendi popote. Mtaani bado wanamwita Muuaji wa Injini, jina nililompa mimi mwenyewe, na anaitika vizuri tu.

Kuhusu hewa. Andika snokeli. Wala sijui ulikuwa unajiuliza nini. Maji yakiingia kwenye injini mara moja tu, kwa sekunde moja, pistoni inakutana na kitu kisichobonyea na mkono wake unapinda. Hapo utashuka, utafungua boneti, utaangalia, utafunga, utatembea. Maji hayana dawa. Vumbi dawa yake unayo mkononi na nilikupa mimi ukiwa na miaka kumi na mitano: kila asubuhi toa filta, igonge kwenye tairi mara tisa, ukiizungusha kila baada ya tatu, halafu ipulize kwa kompresa mpaka hewa itoke safi. Hakuna dereva aliyepita gereji hii asiyejua mara tisa. Ukutani nimeiandika kwa rangi nyekundu.

Snokeli ikija, hakikisha kila ungio limezibwa, na kile kitundu cha chini ya boksi la filta kinachotoa unyevu ukizibe pia. Wengi wanasimika mrija mrefu kama mlingoti, wanasahau kitundu, wanazama kwa madaha.

Sasa nikuulize mimi. Injini mbili zilikufa kwa nini? Umeandika "ilikufa" utadhani ilikuwa imelazwa. Na dereva asiyetaka kufungua filta miezi mitatu ni dereva wa namna gani? Mtoto niliyemfundisha mimi hawezi kuwa mvivu. Nijibu.

Shangazi yako

*

Kituo cha afya, tarehe 14 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa barua kukanyagwa. Hatujambo wote, ila mtoto alianguka kitandani, akalia kidogo kuliko mama yake. Goti la mama mpe pole yangu.

Nimesoma ushauri wako mara nne. Ni mzuri. Ila nimefikiria mambo kadhaa kuhusu snokeli. Kwanza, njiani kuna matawi, yanaweza kuing'oa. Pili, Nesi anayesafiri nami kliniki anasema itamzuia kuona upande wa kulia. Tatu, watoto wa vijijini watapenda kutia vitu ndani. Nne, gari letu ni jeupe na snokeli huwa nyeusi.

Kwa hiyo naona huenda saikloni ingefaa zaidi.

Umeuliza injini zilikufa kwa nini. Ringi za pistoni zililika, zikaanza kula oili, nguvu ikaisha. Kwa nini ringi zililika sijui.

Mgongo uutunze.

Mtoto wa kaka yako

*

Gereji, tarehe 5 Machi

Wewe mtoto,

Hatujambo. Nimeandika hatujambo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, lakini mimi sina raha.

Matawi hukatwa. Nesi hukaa kushoto, kwa hiyo huo upande wa kulia anauonea nini? Mtoto gani ana mkono wa kufika juu ya paa la gari lile? Na suala la rangi sitalijibu, nitajifanya sijalisoma, kwa heshima ya baba na mama yako.

Unazunguka mbuyu. Ringi haziliki zenyewe. Ringi huliwa na vumbi. Vumbi huingia ikiwa filta haisafishwi. Ina maana huzigongi. Umefika huko ukajiona mkubwa, ukaacha mara tisa, ukaua injini mbili, na sasa unatafuta bakuli likufanyie kazi uliyoshindwa kuifanya kwa mkono. Baba yako alikuwa hivyohivyo. Teksi ya kwanza nilimuuliza, akaniambia hajui. Ya pili nilimuuliza, akanyamaza. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba mtu asiyeweza kugonga filta asishike usukani, na kweli hajaushika tena, miaka kumi na minne sasa. Sikupenda kusema vile. Lakini ilikuwa kweli, na kweli mimi siwezi kuimeza.

Nitumie filta ya ile injini ya Desemba. Usiifute, usiigonge, ifunge kwenye gazeti umpe Posta. Nitaona kwa macho yangu jinsi ulivyoizembea, tumalize.

Halafu uandike snokeli.

Shangazi yako

*

Kituo cha afya, tarehe 2 Aprili

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mtoto sasa anasimama akishika ukuta. Mke wangu ameanza kushonea watu nguo na nyumba imejaa vipande vya vitambaa.

Fomu ilitakiwa kuondoka wiki iliyopita, la sivyo pesa zirudi. Nimeandika saikloni. Imeshafika, ni bakuli la plastiki linaloonekana ndani, nimelifunga mwenyewe. Kila jioni lina vumbi la kujaza kikombe cha chai, ambalo lingekuwa kwenye filta. Naomba usikasirike. Najua umekasirika.

Kuhusu filta ya Desemba, haionekani. Nimeitafuta.

Filta nilikuwa nazigonga, Shangazi. Kila asubuhi, mara tisa. Hilo naomba uliamini.

Mtoto wa kaka yako

*

Gereji, tarehe 20 Aprili

Posta anasema filta iko stoo kwenu, rafu ya juu, imefungwa kwa gazeti, na juu yake umeandika kwa kalamu nyekundu ISITUPWE.

Itume.

Na mvua zimeanza. Injini hiyo ikinywa maji, usiniandikie kuniambia. Nitasikia tu.

Shangazi yako, kwa sasa

*

Kituo cha afya, tarehe 17 Mei

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya kituo, viatu vyangu viko juani tangu juzi.

Ulisema nisikuandikie kuhusu maji. Nakuandikia kwa sababu injini haikunywa.

Jumanne ilikuja habari kutoka ng'ambo kwamba kuna mama amepata uchungu tangu Jumatatu na mtoto hatoki. Nilishuka mtoni nikavua suruali, nikaingia na fimbo. Katikati maji yalinifika kiunoni, na gari letu linavuta hewa kwenye usawa wa taa. Nilisimama mle majini nikakuwaza, Shangazi, na sikukuwaza vizuri. Nilijua ungesema nini, na ungekuwa sahihi.

Tukarudi kituoni mbio. Kwenye kona ya ofisi ya Mganga Mkuu kuna bomba la mfereji linaloteremsha maji ya paa. Nililing'oa. Nikatoa saikloni, nikalitia bomba mahali pake, likapita pembeni ya kioo mpaka juu ya paa, na saikloni nikaisimika kule juu. Maungio yote niliyafunga kwa mpira wa tyubu na klempu, vile vibano vya chuma, nikayavuta mpaka vidole vikatoka damu. Kitundu cha chini ya boksi nilikiziba, kama ulivyosema. Mbele ya gari nilifunga turubai, mkanda wa feni nikautoa ili feni isiirushie injini maji. Bomba nililifunga kamba kwenye kerea ya juu ya paa. Nesi aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia naam. Sikuwa nao.

Niliingia gia ya chini kabisa, taratibu, bila kubadilisha na bila kusimama. Maji yalipanda juu ya boneti. Nesi alifumba macho, ingawa anayeendesha ni mimi. Niliogopa, Shangazi. Tukatoka upande wa pili. Yule mama tulimkuta amechoka hata jina lake halisemi vizuri. Nesi alimhudumia kwenye gari, na saa tisa mchana mtoto akalia. Wa kike. Wote wawili wako hai na wameshatoka wodini.

Sasa saikloni iko juu ya mrija, tumeamua ibaki hivyohivyo. Mganga Mkuu amekubali, ila mvua ikinyesha maji ya paa yanateremka mlangoni kwake, anaruka.

Filta imeonekana. Ameibeba Posta. Ukitaka kuitazama, ingia nayo stoo ya spea, funga mlango, tia taa katikati yake. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Mtoto wa kaka yako

*

Kituo cha afya, tarehe 2 Julai

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sijapata neno kutoka kwako. Posta anasema hukumpa kitu, na kwamba siku hizi gereji inafunguliwa asubuhi tu, mchana unafunga na kuondoka na baiskeli. Nimemuuliza unakwenda wapi, anasema hata yeye hajui. Kama mgongo ndio huo, mwambie mama aniandikie. Kama umeninunia, ninunie kwa maandishi. Nakosa usingizi.

Mtoto anatembea hatua tatu.

Sitaki kukuongezea mzigo, lakini ukikaa kimya nitakuwa sina wa kumwambia. Makao makuu wametuma fomu nyingine. Wanataka kujua zile injini mbili zilikufa kwa nini. Kuna nafasi imeandikwa SABABU, na mwisho ni tarehe 31. Mganga Mkuu anasema nikiiacha wazi, wao wenyewe wataandika "uzembe wa dereva". Wakishaandika hivyo gari linaondoka hata kama injini hii ni nzima, na ni nzima, nimeipima. Ng'ambo watabaki na mto wao.

Nafasi yenyewe ni ndogo, ni mistari miwili. Nimeikalia siku tisa.

Mtoto wa kaka yako

*

Gereji, tarehe 18 Julai

Mwanangu,

Leo sina salamu.

Niliingia stoo saa sita mchana, nikafunga mlango, nikatia taa ndani ya filta kama ulivyosema. Karatasi yake ilikuwa na vitundu vya mwanga. Nilihesabu mpaka arobaini na mbili nikaacha, kwa sababu vilikuwa vinaendelea.

Nilisema filta ni feki. Nilisema kwa sauti, mle gizani, peke yangu. Halafu nikachukua mpya, nzuri kabisa, ya kwangu. Niliigonga kwenye tairi mara tisa, nikaizungusha kila tatu, nikaipuliza. Nikatia taa. Hakuna kitu. Nikafurahi, nikakuandikia barua kali sana, kurasa mbili. Bahati Posta alikuwa amekwisha kupita.

Kesho yake nikaigonga tena. Nilijisemea, kama ni kazi, ifanywe kama kazi. Kila asubuhi mara tisa na kompresa. Asubuhi ya tisa kitundu kimoja kikang'aa. Ya kumi na mbili vilikuwa vitano, na mpira wa ukingoni umeanza kuachia karatasi. Ya ishirini sikuhesabu. Nilikaa juu ya kreti la spea nikaitazama tu.

Nilipojifunza kazi, filta zilikuwa za waya na bakuli la oili chini. Waya unagonga, unaosha, unarudisha, hauna neno. Zikaja za karatasi. Nikazigonga vilevile. Hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza, maana nani wa kuniambia mimi? Nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu.

Kwa hiyo hukuzembea. Uliua injini mbili kwa kunitii, na ya tatu umeinusuru kwa kuniasi. Nimejaribu kuiandika kwa njia nyingine, ndivyo inavyotoka.

Mchana nimekuwa nikizunguka kwa wateja. Nimekwenda kwa mwenye lori la matofali, kwa muuza maji, kwa yule bwana wa basi la shule. Nawaambia: usigonge tena, usipulize, ikichafuka badilisha, na nilichokufundisha kilikuwa kosa langu. Mwenye lori la matofali alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, kumbe," akaenda zake ndani. Lile "kumbe" nimekuja nalo mpaka nyumbani.

Wa mwisho alikuwa baba yako. Nilimwacha wa mwisho kwa woga, sitakudanganya.

Nilimkuta getini. Nikamwambia, "Kaka, zile teksi hukuziua wewe. Niliziua mimi."

Lori lilikuwa linatoka. Alifungua, akapiga saluti, akafunga, akatia kufuli. Ndipo akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ya pili. Nilitia kidole ndani ya mrija, nyuma ya filta. Kikatoka na vumbi."

"Na ukaniacha nikuite Muuaji wa Injini miaka kumi na minne? Mbele ya watu? Ukaacha na kazi yako?"

Akasema, "Mumeo alikuwa na mwezi mmoja kaburini. Watu walikuwa wanasubiri tu kusikia kwamba mwanamke hawezi gereji, wakuondolee magari. Nani angeleta gari kwa fundi aliyemuulia kaka yake teksi? Na mtoto wangu alikuwa anasomeshwa na gereji hiyo. Nikaona mimi nitaweza kuvumilia jina."

Nililia pale getini, mwanangu. Nililia kama nilivyolia msibani, malori yanapita, na yeye anafungua na kufunga, maana yuko kazini.

Nilipotulia nikamwuliza kama aliwahi kukuambia. Akasema hajawahi kumwambia mtu. Ina maana wewe uliona vitundu vyako peke yako, ukanyamaza kivyako. Mnatoka wapi nyinyi? Mmenilinda wawili kwa kunyamaza, na juu ya zile teksi imegharimu injini mbili zaidi. Ningeambiwa siku zile za teksi ningenuna wiki moja, nikafuta ukuta, nikaendelea na kazi. Mnaniona mimi ni yai? Nimekasirika na ninawapenda, na sijui nianze na lipi.

Sasa hiyo fomu. Nimeandika karatasi, nimepiga muhuri wa gereji: "Injini mbili za gari la kituo ziliharibika kwa vumbi lililopita kwenye filta zilizotobolewa kwa kugongwa na kupulizwa. Dereva alifundishwa hivyo na mimi. Alifanya alivyofundishwa. Kosa ni la gereji hii." Nimeweka sahihi. Posta anampa Mganga Mkuu mkononi. Sikukutumia wewe, kwa sababu ungeikunja ukaificha rafu ya juu. Nawajua wanaume wa nyumba yetu.

Watu wakisikia huenda wateja watapungua. Wacha wapungue.

Ukuta nimeupaka chokaa. Rangi nyekundu inaonekana kwa mbali bado, nitaongeza mkono wa pili.

Baba yako nimempa funguo za pikapu ya gereji. Alizitazama, akazitia mfukoni, akasema atafikiria.

Shangazi yako

*

Kituo cha afya, tarehe 9 Agosti

Kwako Shangazi,

Shikamoo, tena kwa mikono miwili. Mke wangu ameisoma barua yako akaenda kukaa nje. Mimi nilikuwa nimetangulia kukaa nje.

Mganga Mkuu aliniita, akafunga mlango. Karatasi yako ilikuwa mezani. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema ndiyo, tangu Desemba, nilipotia tochi. Akauliza kwa nini sikusema hapo hapo, njia ya vijiji sita ikiwa hatarini. Nikamwambia, "Ni shangazi yangu." Akasema hilo haliwezi kuandikwa kwenye fomu.

Tumeandika yako, neno kwa neno. Mistari miwili haikutosha, tukaendelea pembeni. Makao makuu wamejibu juzi. Njia haifungwi. Gari linabaki, na madereva wote wamepelekewa maagizo wasiguse filta za karatasi. Kumbe nusu yao walikuwa wanagonga. Wengine mara kumi.

Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kukaa kimya. Liko kwenye faili langu. Sikubishana, nililistahili. Nilipoona vile vitundu ningeweza kukuandikia siku ile ile kwa mstari mmoja, na badala yake nikakuandikia habari za matawi na rangi ya gari. Niliona ni afadhali unione mvivu. Sikutaka habari hiyo ikufike kwa mkono wangu, kwa sababu mara tisa ndicho kitu cha kwanza ulichonifundisha, na nilikipenda. Nisamehe.

Habari ya baba sikuijua. Nimeisoma mara nyingi kuliko ushauri wako wote wa mwaka huu. Na mimi nilikuwa nacheka, Shangazi. Wakimwita lile jina mtaani nilikuwa nacheka na wenzangu, yuko hapo hapo, na yeye anacheka na sisi.

Nimepata likizo wiki ya pili ya Septemba. Ninakuja na mke wangu na mtoto, Posta atatushusha stendi Jumamosi asubuhi. Mwambie baba aje kutupokea na pikapu. Aendeshe yeye. Wewe kaa pembeni yake, na hata akikwaruza gia, usimwambie kitu mpaka tufike nyumbani.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako